Mizani Kando ya Pipa

Hoteli zetu zina hesabu kamili ya chakula kinachoingia stoo. Kinachotoka kwa mlango wa nyuma hakina mwenye hesabu.

Kunguru wenye shingo ya kijivu wanaomnyang'anya mtoto andazi pale Darajani, mjini Unguja, hawakufika kisiwani kwa mbawa zao. Waliletwa kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890, na waliowaleta walikuwa na kazi ya kuwapa: wale mabaki ya chakula yaliyokuwa yakioza mitaani. Mpango ulionekana wa busara. Taka zingeondoka bure, bila mshahara wala mkokoteni. Kilichosahaulika ni kwamba kiumbe anayeishi kwa taka huongezeka kadiri taka zinavyoongezeka. Kunguru wakazaana, wakaenea mwambao wote hadi Dar es Salaam na Mombasa, wakala mayai na makinda ya ndege wadogo. Leo ni nadra kumpata mhudumu wa hoteli ya ufukweni ambaye hajawahi kumfukuza kunguru kwenye meza ya mgeni. Mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja, baada ya malalamiko ya miaka mingi, yakiwamo ya wenye hoteli wa Watamu na Malindi.

Karne na ushei imepita, lakini namna ya kufikiri haijabadilika sana. Meneja wa hoteli akiulizwa kuhusu mabaki ya chakula, jibu lake la kwanza huwa ni nani anayekuja kuyachukua: mfugaji wa nguruwe, mwenye ng'ombe, kituo cha yatima, gari la taka. Swali la kwa nini mabaki yapo, tena mengi kiasi hicho na kila siku, huulizwa mwisho, kama litaulizwa. Makala haya yanaanza na swali hilo, kwa sababu taka nyingi za hoteli huzaliwa kabla mgeni hajashika sahani. Huzaliwa kwenye karatasi ya oda, kwenye idadi ya wageni iliyokosewa, na kwenye hofu ya meneja.

Mgeni anasingiziwa

Ukubwa wa jambo lenyewe kwanza. Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) iliyotolewa mwaka 2024 ilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula kilichokwisha kufika madukani, majumbani na kwenye migahawa. Hiyo ni sawa na kilo 19 katika kila kilo 100 zilizokuwa tayari kuliwa. Majumbani kulitupwa asilimia 60, madukani asilimia 12, na kwenye hoteli, migahawa na kantini asilimia 28, yaani tani milioni 290. Mwaka huohuo watu hadi milioni 783 walikuwa na njaa. Kwetu Tanzania, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa.

Katika hoteli, wa kwanza kunyooshewa kidole ni mgeni: amejaza sahani, kaonja, kaacha. Picha hiyo ina ukweli, ila haijatimia. Shirika la WRAP la Uingereza lilipochunguza sekta ya hoteli na migahawa ya nchi hiyo, katika ripoti ya 2013, lilikuta kwamba katika kila kilo 100 za chakula kilichotupwa, kilo 45 zilitoka kwenye utayarishaji jikoni, kilo 21 ziliharibika kabla ya kupikwa, na kilo 34 tu ndizo zilizobaki kwenye sahani za walaji. Mgeni alihusika na theluthi moja. Theluthi mbili zilikuwa za nyumba yenyewe. Na robo tatu ya chakula chote kilichotupwa kilikuwa kinafaa kuliwa.

Jiko la Unguja si jiko la Birmingham, na matatizo yake yana sura yake. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni wa kimataifa 736,755, kutoka 638,498 mwaka uliotangulia. Wengi hulala Nungwi, Kendwa, Kiwengwa, Paje na Jambiani, vijiji vilivyokuwa vya wavuvi na wakulima wa mwani. Sehemu kubwa ya viazi, karoti, mayai na nyama wanayokula huvushwa kutoka Bara. Letusi ya Lushoto hupanda lori, ikashuka Dar es Salaam, ikapanda chombo, ikashuka bandari ya Malindi mjini Unguja, kisha ikapanda gari tena kuelekea kaskazini ya kisiwa. Kila kituo huipunguzia maisha. Mnunuzi wa hoteli, akijua kwamba bahari inaweza kuchafuka na mzigo ukachelewa, huagiza ziada ili asiadhirike. Ziada hiyo hukaa kwenye friji inayotegemea umeme unaokatika, na baada ya siku chache huingia kwenye pipa bila kuonwa na mgeni yeyote.

Kasoro nyingine ni ya mawasiliano tu. Watu wa mapokezi wanajua wageni wangapi wanaondoka alfajiri na kubeba kifungua kinywa cha boksi. Wanajua wangapi wamekwenda Mnemba kuzamia na watakula mchana huko huko, na wangapi wamechukua teksi kwenda Forodhani kula mishikaki na urojo usiku. Mara nyingi jiko halipewi habari hizo. Linapewa namba moja, ya wageni waliolala, na shefu anapika kwa namba hiyo. Ukiwa na wageni 180 kwenye orodha na 50 wako nje, umepika chakula cha watu 50 wasiokuwapo. Hakuna utamaduni wa mgeni wa kulaumiwa hapo, wala hakuna mashine ya kununua. Kuna simu moja tu ya ndani ambayo haikupigwa.

Hofu ya chombo kitupu

Bufee ilipendwa na wenye hoteli kwa sababu za hesabu. Inahitaji wahudumu wachache, mgeni hasubiri, na jiko linaweza kupika kwa wingi. Lakini inabeba ahadi ambayo haijaandikwa popote: vyombo vyote vibaki vimejaa mpaka dakika ya mwisho. Mgeni anayeingia saa nne kasorobo usiku, robo saa kabla ya kufungwa, anatarajia kukuta pweza wa nazi, pilau, samaki wa kupaka, saladi aina sita na keki nzima kama alivyozikuta aliyeingia saa moja. Meneja anaogopa kwamba akikuta chombo kitupu ataandika mtandaoni kwamba hoteli ni bahili, na maoni hayo yatasomwa Milan na Warsaw kabla hakujakucha. Basi sufuria hujazwa tena saa tatu na nusu, na nusu saa baadaye hubebwa kurudi jikoni karibu kama ilivyotoka.

Mfumo wa mgeni kulipia kila kitu kabla hajafika huzidisha mambo. Aliyekwisha kulipa hana sababu ya kuchagua kwa uangalifu. Huchota, huonja, huacha, hurudi kuchota kingine. Hata hapa mwenye nyumba ana uwezo zaidi ya mgeni wake. Watafiti wawili wa Norway, Steffen Kallbekken na Håkon Sælen, walichapisha mwaka 2013 matokeo ya jaribio lililohusisha hoteli 52. Baadhi zilipunguza ukubwa wa sahani za bufee, nyingine ziliweka kibao kidogo kinachomwambia mgeni kwamba anakaribishwa kurudi kuchota mara nyingi apendavyo. Hawakumzuia mtu kitu. Sahani ndogo zilipunguza taka kwa takriban asilimia 20, na kibao nacho kwa kiasi hichohicho. Wageni hawakulalamika. Walishiba.

Wapishi wenye uzoefu wanajua mbinu nyingine zisizohitaji utafiti. Chombo cha bufee kinaweza kuwa kipana lakini kifupi, kionekane kimejaa na kina nusu ya chakula. Kuanzia saa tatu usiku, tambi na mayai vipikwe mbele ya mgeni anapoagiza, badala ya kukaa kwenye moto mdogo vikikauka. Tikitimaji likatwe kwa awamu, maana lililobaki zima litauzwa kesho na lililokatwa halitauzwa tena. Na wageni wakiwa wachache, kama inavyokuwa msimu wa masika, bufee isimamishwe kabisa na watu waagize mezani. Kupika bufee ya vyakula 40 kwa wageni 25 ni kupikia mapambo.

Tusidhani kwamba tatizo hili ni la Wazungu wa ufukweni peke yao. Hoteli za Dodoma, Arusha na Nairobi zinaishi kwa semina, mikutano na warsha, na huko bufee ina adabu zake za ovyo. Mwandaaji huthibitisha idadi ya washiriki siku mbili au tatu kabla, na bajeti ikiwapo huandika namba ya juu. Tuseme amelipia watu 200. Saa saba mchana washiriki 60 wamekwisha kusaini karatasi ya posho na kuondoka. Hoteli imelipwa kwa vichwa 200, kwa hiyo haina hasara ya moja kwa moja; mwandaaji ametumia fedha ya umma au ya mfadhili, kwa hiyo naye haumii. Chakula cha watu 60 kinatupwa na hakuna hata mmoja anayekosa usingizi. Ofisi ya umma ikikubaliana na hoteli kwamba malipo yafuate sahani zilizoliwa, huku kima cha chini cha haki kikiwekwa ili hoteli isiumie, jiko lenyewe litaanza kuhesabu vichwa.

Daftari la kilo

Wanaofanya biashara ya kupunguza taka za jikoni wana kanuni moja inayowaunganisha wote: pima kwanza. Inaonekana nyepesi mno kuitwa ushauri, lakini tembelea majiko ya hoteli uone mizani iko wapi. Iko mlango wa kupokelea mizigo, ikipima kilo za changu na za nyanya zinazoingia ili muuzaji asipunje. Kando ya pipa hakuna kitu.

Fanya hesabu ya mfano. Hoteli ina wageni 100, na kila mmoja, kwa milo yake mitatu, anaacha nyuma yake nusu kilo ya chakula kilichofaa kuliwa, ukijumlisha kilichobaki kwenye sahani, kwenye bufee na stoo. Hiyo ni kilo 50 kwa siku, tani moja na nusu kwa mwezi. Ukiweka wastani wa shilingi 5,000 kwa kilo, kwa chakula chenye nyama, samaki, mafuta na gesi ya kupikia ndani yake, hoteli inatupa milioni saba na nusu kila mwezi, milioni 90 kwa mwaka. Kama fedha hizo zingeibwa na mfanyakazi, polisi wangeitwa siku ileile. Kwa kuwa zinatoka na gari la taka, zinaitwa gharama za kawaida.

Upimaji unaofaa hauhitaji mtambo. Yanahitajika mapipa matatu yenye rangi tofauti na mizani ya bei nafuu. Pipa la kwanza ni la vilivyooza stoo, la pili ni la maganda na vipande vya utayarishaji, la tatu ni la vilivyorudi kutoka bufee na mezani. Kila zamu ikiisha, anayeosha vyombo anapima na kuandika kilo kwenye daftari, pamoja na jina la chakula kilichotawala pipa. Asubuhi shefu, mnunuzi, mtu wa mapokezi na mhasibu wanakaa dakika kumi na daftari hilo. Wiki ya pili tu sura huanza kuonekana. Mkate wa kahawia unarudi mzima kila siku: punguza kuoka. Wali unazidi Jumapili kwa sababu wageni wa wiki wanaondoka: punguza Jumapili. Pipa la maganda ni zito siku anazokata mboga mpishi fulani: mfundishe kukata, usimfokee.

Zipo mashine za kisasa zaidi. Kampuni ya Winnow, iliyoanzishwa London mwaka 2013, huweka kamera juu ya pipa, na programu hutambua kilichotupwa na bei yake. Hoteli 13 za Hilton katika Umoja wa Falme za Kiarabu, zikishirikiana na kampuni hiyo na UNEP, zilitangaza kupunguza taka za kifungua kinywa kwa asilimia 62. Huko Ghuba serikali yenyewe imelivalia njuga jambo hili: mwaka 2022 ilizindua mpango wa kitaifa uitwao ne'ma, wenye lengo la kupunguza upotevu wa chakula kwa nusu ifikapo 2030. Vijana wengi wa Kenya, Uganda na Tanzania wanafanya kazi katika majiko hayo ya Dubai na Abu Dhabi. Wakirudi nyumbani wanarudi na ujuzi wa kupima taka ambao hoteli zetu hazijajua kuuomba wakati wa usaili.

Lakini kamera si sharti. Mwaka 2018 muungano wa Champions 12.3, uliopewa jina la lengo namba 12.3 la Maendeleo Endelevu linalotaka chakula kinachotupwa na maduka na walaji kipungue kwa nusu ifikapo 2030, ulichunguza hoteli 42 katika nchi 15. Ndani ya mwaka mmoja hoteli hizo zilipunguza taka za jikoni kwa wastani wa asilimia 21, na zaidi ya asilimia 70 ya hoteli zilikuwa zimerudisha fedha zilizowekeza. Kwa wastani, kila dola moja iliyotumika ilirudisha dola saba katika miaka mitatu. Fedha hizo zilikwenda kwenye mambo ya kawaida: kupima, kufundisha wafanyakazi, kupanga upya orodha ya vyakula, kununua vyombo vya kuhifadhia.

Nyani wa jalalani

Mabaki yatakuwapo hata katika hoteli iliyojipanga. Maganda ya ndizi na mifupa ya kuku havina jinsi. Hapo ndipo swali la nani ayale linapokuwa halali, na hapo pia ndipo historia inapotufundisha tahadhari.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika hifadhi ya Maasai Mara, kundi moja la nyani lilihamia karibu na loji ya watalii na kuishi kwa shimo la taka lililokuwa wazi. Kundi jirani la msituni lilikuwa na madume wakali waliokuja kila asubuhi kupigania mabaki. Mtafiti wa Marekani Robert Sapolsky, aliyekuwa akiwafuatilia kwa miaka, alishuhudia matokeo. Kati ya 1983 na 1986 nyama yenye kifua kikuu cha ng'ombe, iliyotupwa kwenye shimo hilo, iliwaua nyani wengi wa kundi la jalalani, pamoja na madume wote wa kundi la msituni waliokuwa wakienda kula huko. Hao walikuwa asilimia 46 ya madume wazima wa kundi. Sapolsky na Lisa Share waliandika mwaka 2004 kwamba kundi la msituni, lililobaki na madume wapole, lilibadili tabia na kuwa la amani kwa miaka mingi. Wanasayansi wanaikumbuka habari hii kwa sababu ya hiyo amani. Mwenye loji angeikumbuka kwa sababu ya shimo.

Amboseli nako watafiti walifuatilia nyani waliokula kwenye taka za loji. Walitumia muda mchache sana kutafuta chakula, wakanenepa, na miili yao ikaanza kuonyesha dalili zinazotangulia kisukari, kama binadamu wa mjini. Ndiyo maana loji makini za mbugani leo huweka taka za jikoni kwenye chumba cha ukuta na wavu, juu hadi chini, na kuzitoa nje ya hifadhi. Mnyama akishajua mlango wa nyuma wa jiko, hamwachi mtu salama, naye mwenyewe hasalimiki. Mara nyingi huishia kupigwa risasi kwa kosa la mpishi.

Nani ale mabaki

Anayestahili kufikiriwa kwanza ni binadamu. Hoteli nyingi huwakataza wafanyakazi kubeba chakula kilichobaki. Wa nje huona ni roho mbaya, ila msimamizi ana hoja yake: mpishi akijua kinachobaki ni chake, kitabaki kila siku. Mizani inaondoa ubishi huo, kwa sababu kiasi kilichopikwa kinajulikana na kinacholingana na idadi ya wageni kinajulikana. Chakula cha bufee ambacho hakijatoka jikoni kinaweza kwenda kantini ya wafanyakazi bila siri wala aibu, mradi kilindwe.

Ulinzi huo una namba zake. Chakula cha moto kikae juu ya nyuzi 60 za Selsiasi, cha baridi kikae chini ya nyuzi 5. Kilichokaa kati ya hapo kwa zaidi ya saa nne kitupwe bila majadiliano. Wali ndio hudanganya wengi. Bakteria aitwaye Bacillus cereus huishi kwenye mchele hata baada ya kupikwa, na wali ukiachwa kwenye joto la chumba hutengeneza sumu isiyokufa kwa kupashwa moto. Kiporo cha pilau kilichopoozwa haraka na kuwekwa kwenye friji ni chakula. Kilichosahauliwa mezani usiku kucha mjini Unguja, penye joto la nyuzi 28, ni hatari hata kikinukia vizuri.

Kwa sababu hiyo, sadaka kwa vituo vya watoto haiwezi kuwa njia ya kuondoa lawama. Hoteli ikitaka kutoa, itoe mkate wa jana, matunda mazima, unga na makopo yanayokaribia tarehe ya mwisho, na chakula kilichopoozwa kwa utaratibu na kuwekewa alama ya saa. Kenya ina Food Banking Kenya inayokusanya na kugawa chakula cha namna hii. Ufaransa tangu 2016 imekataza maduka makubwa kuharibu chakula kinachofaa, ikayataka yaingie mikataba na mashirika ya misaada. Sheria za aina hiyo humpa mtoaji ujasiri, maana anajua wajibu wake unaanzia wapi na unaishia wapi.

Baada ya watu ni mifugo, na hapa pia pana mtego. Bara, wafugaji wa nguruwe hupita hotelini na madumu. Virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika havina tiba, na huweza kukaa kwenye nyama ya nguruwe iliyotupwa kisha vikaingia bandani kupitia madumu hayo. Mabaki yachemshwe vizuri kabla ya kulishwa, na nyama ya nguruwe itengwe kabisa. Zanzibar wanaonufaika zaidi ni ng'ombe na kuku. Ng'ombe asipewe mabaki yenye nyama. Uingereza ilijifunza hilo kwa kichaa cha ng'ombe kilichogunduliwa 1986 na kuenea kupitia chakula cha mifugo kilichotokana na mizoga. Kwa hiyo mfugaji anahitaji maganda yaliyotengwa, na pipa lililochanganywa kila kitu halina faida kwake. Kutenganisha kunakofanyika jikoni ndiko kunakoamua kama taka ni mali au ni mzigo.

Mfanyakazi mpya katika kazi hii ni nzi askari mweusi. Funza wake hula mabaki ya jikoni kwa takriban wiki mbili na kugeuka chakula cha kuku na samaki chenye protini inayokaribia asilimia 40 ya uzito wake mkavu. Nzi mwenyewe akikua hahangaiki na chakula cha watu, na hasambazi maradhi kama nzi wa nyumbani. Biashara za namna hii zimekwisha kuota mizizi Kenya na Tanzania. Malalamiko ya wenye biashara hizo ni yaleyale ya mfugaji: taka za hoteli zinafika zikiwa na vijiko, plastiki na vipande vya glasi.

Yanayobaki huwa mboji. Mashariki ya Unguja ardhi ni ya maweni, udongo mwembamba juu ya jiwe la matumbawe, na mkulima wa mchicha wa Jambiani anahitaji kila kiganja cha mbolea. Mabaki ya mboga yakipangwa kwa tabaka na majani makavu, yakageuzwa na kupata hewa, hupanda joto hadi nyuzi 60 hivi na kuua mbegu za magugu na vijidudu vingi. Yakitupwa dampo la Kibele na kufukiwa bila hewa, yaleyale hutoa gesi ya methani, ambayo kwa kipindi cha miaka 100 huipasha dunia joto mara 28 hivi kuliko kiasi hichohicho cha kaboni dioksidi.

Safu moja kwenye fomu

Sheria zimeanza kusogea. Sheria ya Kenya ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inazitaka taasisi za umma na za binafsi zitenganishe taka zinazooza na zisizooza. Ni hatua kubwa, ingawa sheria ya kutenganisha inamkuta mwizi ameshatoka: chakula kimekwisha kununuliwa, kupikwa na kutupwa. Mahali pengi, tena, hoteli hulipia uchukuaji wa taka kwa ada moja ya mwezi. Anayetupa tani mbili na anayetupa tani kumi hulipa karibu sawa, na aliyejitahidi haoni tofauti kwenye risiti.

Mabadiliko mawili yangefanya kazi zaidi ya mabango na kampeni. La kwanza ni ada ya taka ifuate uzito, ili pipa zito liwe na bei. La pili linahusu nyota. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina vigezo vya pamoja vya kuzipanga hoteli kwa nyota, na wakaguzi hukagua vyumba, bafu, jiko na huduma. Ongezeni safu moja kwenye fomu yao: kilo za chakula kilichotupwa kwa kila mgeni kwa usiku, kwa mujibu wa daftari la miezi 12. Hoteli isiyo na daftari isipate nyota ya tano. Hakuna kitakachojengwa wala kuagizwa kutoka nje. Meneja atapiga simu mapokezi kuuliza wangapi wamekwenda Mnemba, na mnunuzi ataulizwa kwa nini letusi ya Jumatatu imetupwa Alhamisi.

Wenye hoteli watasema hiyo ni siri ya biashara. Ni kweli, na ni siri iliyofichwa zaidi kwao wenyewe. Mwenye shaka asisubiri fomu ya serikali. Aweke mizani jikoni Jumatatu, amkabidhi anayeosha vyombo kalamu na daftari, kisha mwisho wa mwezi azidishe kilo kwa bei aliyonunulia.